Mashine ya Kunyonya Hewa na Picha ya Baba Mkwe

Mimi shule niliisikia tu kwa jirani, lakini mashine ya studio yetu ya picha pale Kitale niliijua kuliko paka anavyojua jikoni. Ilikuwa sanduku ya chuma, kubwa kama kitanda ya chifu. Chini iko sahani inapashwa moto na stima, juu mfuniko wa mpira. Unalaza ubao, juu yake karatasi ya gundi, halafu picha. Unafunga. Mota inanyonya hewa yote ya ndani mpaka kuku za jirani zinahema. Sasa hewa ya nje, kwa sababu ndani hakuna ya kushindana nayo, inakandamiza ule mpira kila mahali sawasawa. Gundi inayeyuka, picha inashika ubao bila hata kipovu. Watu walileta picha za harusi, vyeti, hata ramani za shule. Kengele ikilia unafungua mbio, ama moto utakula picha.

Miaka ya tisini hivi, baba mkwe akafariki huko Kimilili. Picha yake ilikuwa moja tu duniani. Bibi yangu akaniletea niigandishe kwa ubao, isimame juu ya jeneza bila kujikunja. Nikamwambia nitamtoa baba yake akiwa mzuri kuliko alivyozaliwa.

Nimefunga tu, mota inanguruma, nikaona mama mkwe anaingia kuichukua. Sisi watu wa Bungoma, mtu na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Niliruka kwa chumba ya giza, ile ya kusafishia picha, kama panya, nikafunga mlango, nikafumba na macho. Yeye akaketi kwa benchi, kando ya mashine.

Kengele ikalia. Nikasema atatoka nje kidogo, nifungue. Hakutoka. Harufu ikaanza.

"Mkwe," akaita pole pole, "hii kitu inaungua."

Mkwe mwenye adabu anajibu aje? Nilisimama huko nikitoa jasho ya kunywesha ng'ombe kumi, mpaka nikasikia viatu vyake vinaenda.

Kufungua, uso wa mzee ni malengelenge matupu.

Nyumbani bibi yangu hata hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama alijifunika leso kichwa yote, akaangalia ukuta, akingoja upite ufungue mashine."

Mzee alizikwa bila picha. Mpaka leo watoto wakiniuliza babu yao alikuwa anafanana aje, hii mdomo yangu, inayojulikana kwa porojo mpaka Chwele, inakauka.