Uso wa Mama kwenye Kadi ya Thelathini na Moja

Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Natunza betri na inverta za hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nakaa juu wiki tatu, kisha nashuka Karatu wiki moja kumwona mama na kuangalia shamba. Shule niliiacha mapema. Ufundi, Kiingereza na hesabu zangu zote nimejisomea kwenye vitabu walivyoacha wageni, nikiwa na kamusi na penseli.

Mgeni mmoja aliacha mchezo wa mezani kwenye kabati la sebule: sanduku zito lenye ramani, vipande vya mbao na kadi. Nilisoma kitabu cha sheria zake mara nne kabla ya kumwita mtu tucheze. Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa michezo hiyo. Madukani kwetu haipo, lakini mtandaoni nilikuta watu wanaoibuni na kuomba ichangiwe kabla haijatengenezwa.

Nilimweleza dereva mmoja wa watalii, rafiki yangu na mpinzani wangu mkubwa mezani: "Ni kama mchango wa harusi. Unatoa kabla sherehe haijafanyika. Sherehe ikifanyika, unaletewa sanduku lako."

"Na bwana harusi akikimbia?"

"Basi tumeliwa."

"Mzee wa sheria," alisema, "umesoma mpaka umepitiliza."

Nilichangia wa kwanza, ukafika. Nikachangia wa pili, nao ukafika. Nitasema ukweli, sijapata furaha nyingine ya namna ile. Nilikuwa napanda kwenye tenki la maji, ndiko mtandao unakoshika vizuri, nikatazame michango imefika wapi. Lengo lilipovukwa niliwapungia mkono watu nisiowaona. Halafu zinaanza kuja taarifa: picha ya kipande cha kwanza, rangi imebadilishwa, meli imechelewa. Na siku ya kufungua sanduku, ile harufu ya karatasi mpya, na vipande unavyovibonyeza kimoja kimoja mpaka vinatoka kwenye kadibodi.

Mchezo wa tatu ulihusu kijiji cha milimani zamani za kale. Kadi arobaini na nane zilikuwa za wanakijiji, na waliochangia zaidi waliruhusiwa kutuma picha ya mtu ili uso wake uchorwe kwenye kadi mojawapo. Sheria ya picha ilikuwa moja: mtu awe ametazama kamera moja kwa moja.

Uso wangu sikuona una faida gani kwa mtu. Nikatuma wa mama.

Hapo lazima nieleze picha yenyewe. Mama alikuwa ameomba nimpeleke studio mjini Karatu. Alivaa kitenge cha kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akakaa kwenye kiti bila kucheka. Picha iliposafishwa aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akanikabidhi.

"Hii ndiyo mtaiweka mbele," alisema.

Sikumuuliza mbele ya nini. Kwetu kila mtu ameona picha ya namna hiyo ikitangulia jeneza. Niliitia kwenye bahasha ya vyeti vyangu. Ndiyo picha pekee ambayo mama ametazama kamera. Nyingine zote anatazama pembeni, anamwita kuku au mjukuu. Niliipiga picha kwa simu nikaituma. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia ni heshima: koo ngapi zimechapa uso wa bibi yao kwenye fulana na kalenda? Nilitaka nimshangaze.

Miezi kadhaa baadaye zikaja sheria kamili. Nilikaa nazo stoo ya betri, penseli mkononi. Ukurasa wa tisa ulieleza tauni. Ugonjwa ukipita kijijini, mwanakijiji aliyepatwa nao anageuzwa. Upande wa nyuma wa kadi una uso uleule kwa rangi ya majivu, macho yamefumbwa. Kadi haitolewi mezani. Inabaki pale, imelala na wafu wenzake, mpaka mwisho.

Nilirudia ukurasa huo mara tatu, nikitumaini nimekosea kuelewa. Sikuwa nimekosea. Niliwaandikia watengenezaji nikawaomba waiondoe picha. Walinijibu kwa upole kwamba kadi zimeshachapwa.

Mimi siamini mambo ya kurogwa. Betri ikifa najua imekufa kwa nini, na naweza kukuandikia sababu. Lakini tangu siku ile nilianza kupiga simu nyumbani kila asubuhi kabla ya chai. Dada yangu, anayeishi na mama, alichoka nami.

"Kaka, jana mama alikuwa mzima. Leo mzima. Unamtafutia nini?"

"Namsalimia tu."

"Basi msalimie mara moja kwa wiki kama watu wengine."

Mzigo ulikuwa safarini. Nilikuwa na namba ya kuufuatilia, na kila hatua iliyonifurahisha kwenye masanduku mawili ya kwanza sasa niliiogopa. Bandarini. Dar es Salaam. Siku iliyoandikwa Arusha, dada alinipigia yeye. Mama alikuwa amekohoa siku tatu na asubuhi hiyo alishindwa kuinuka.

Nilishuka na gari la mboga. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva wa gari hilo alitoa kichwa dirishani kutafuta ukingo wa barabara. Mimi sikuogopa barabara. Nilikuwa nahesabu siku: kadi ilitoka Dar lini, kikohozi kilianza lini. Nilijua kabisa kwamba hesabu hiyo haina maana, na sikuweza kuiacha.

Daktari alisema ni nimonia. Mama alikuwa na dripu mkononi, amekuwa mdogo kitandani. Siku ya pili simu yangu ikatoa mlio: mzigo umefika posta ya Karatu. Niliufuta ujumbe. Siku ya tatu mama alifumbua macho, akasema kwa sauti ndogo:

"Ile picha yangu iko wapi?"

Dada aliacha kukunja shuka.

"Ipo nyumbani, Mama," nikasema.

"Ilete niione."

Nilikwenda nikaitoa kwenye bahasha. Nikirudi nilipita posta, kwa sababu nilifikiri nikiuacha ule mzigo mikononi mwa watu wengine, huenda mtu akaufungua akaanza kuzigeuza kadi. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, mimi niliyejifunza hesabu peke yangu.

Karani wa posta alinitazama juu ya miwani. "Leo hucheki? Siku zote ukija kuchukua masanduku yako unakuwa kama umepata mtoto wa kiume."

"Mama amelazwa."

"Pole sana, kaka yangu. Saini hapa, uwahi."

Niliingia wodini na picha mfukoni na sanduku kwapani. Mama aliliona sanduku kwanza.

"Umeniletea nini?"

"Michezo yake, Mama," dada akajibu. "Mtu mzima na mvi zake."

"Fungua nione."

Nilikata gundi kwa ufunguo. Nilifikiri nitamwonyesha ramani tu, lakini aliona kadi akazitaka, na kumkatalia mama akiwa katika hali ile sikuweza. Ya thelathini na moja ilikuwa yeye. Walikuwa wamemchora vizuri mno: kitambaa, kidevu, hata ile namna yake ya kubana midomo. Nikampa kadi na picha pamoja. Alizitazama kwa zamu, mara hii, mara ile. Kisha akaigeuza kadi.

"Huyu amelala?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Amekufa, Mama."

Dada alinipiga begani. "Una akili wewe?"

"Mwache," mama akasema. Alipumzika kidogo, pumzi ikimkwaruza. "Nani anamgeuza?"

"Mchezaji. Ugonjwa ukimpata."

"Na wewe unacheza?"

"Nacheza."

Alilaza kadi kifuani, upande wenye rangi juu, akaifunika kwa kiganja cha mkono usio na dripu. "Hii nakaa nayo mwenyewe. Picha irudishe ulikoitoa."

Alitoka hospitali baada ya siku tisa. Ni dawa zilizomponya, najua, niliona zikiingia. Kadi ameiegemeza kwenye redio yake, juu ya kabati. Kila nikiingia nyumbani macho yangu huenda kwenye redio kwanza, ndipo namsalimia.

Miezi miwili nilikaa na sanduku lile bila kucheza. Rafiki yangu dereva alinichokoza kila siku. "Umengoja miaka, sasa unalikalia kama kuku. Si ulisema wewe huamini?" Mwishowe nikakata kadibodi ya boksi la sabuni kwa kipimo cha kadi, nikaandika 31 pande zote mbili, bila uso. Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, tukacheza kwenye bwalo la wafanyakazi, mimi, yeye na mpishi.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu: ugonjwa huwapata sita kati ya arobaini na wanane. Wa kwanza hakuwa mama, wala wa pili. Wa tano, dereva alichomoa namba kwenye mfuko wa mchezo akasoma, "Thelathini na moja. Hiyo ya boksi la sabuni," akaigeuza haraka kama angegeuza kadi nyingine yoyote.

"Zamu yako, mzee wa sheria."

Niliinuka nikatoka nje chini ya bati, nikapiga simu. Iliita muda mrefu. Dada alipokea akihema.

"Mama yuko wapi?"

"Yupo kwenye mbaazi. Kuna nini tena?"

"Mpelekee simu."

"Na tope lote hili?"

"Mpelekee, nakuomba."

Nilisikia hatua zake kwenye tope, majani yakikwaruza simu, kisha pumzi ya mama karibu kabisa na sikio langu.

"Mama, hujambo?"

"Umenigeuza, siyo?"