Fundi wa Plagi Anayepiga Hodi Kiembe Samaki

Saa mbili asubuhi, Maisara Jaku anaweka kiganja juu ya injini ya gari dogo la kijivu lililoegeshwa uani kwa Bi Bahiya, Kiembe Samaki. Anakiondoa, anasubiri kidogo, anakirudisha.

"Bado ina moto," anasema. "Tunywe chai kwanza. Plagi haifunguliwi injini ikiwa na moto, utaing'oa na nyuzi za tundu lake."

Bi Bahiya, mwalimu wa skuli ya msingi, ndiye aliyempigia simu jana. Gari linatetemeka likiwa limesimama na linakosa nguvu njiani. Fundi mmoja alishamwambia injini imekwisha, auze tu. Mumewe, Hisham, yuko Dar es Salaam kikazi hadi mwisho wa mwezi, na gari hilo ndilo linalompeleka mama mzazi wa Bi Bahiya kliniki kila Alkhamisi. Kesho ni Alkhamisi.

"Kumwingiza fundi mwanamme uani na mume hayupo, sipendi," anasema Bi Bahiya akimimina chai. "Na kuliacha gereji siku tatu siwezi. Huyu anapiga hodi, tunakaa kama ndugu."

Maisara ana miaka 39, mwenyeji wa Tumbatu. Miaka sita iliyopita hakujua hata kufungua boneti. Alikuwa akiuza maandazi Mkokotoni, na mumewe, Ayoub, alikuwa fundi wa mashine za boti na magari. Kisha Ayoub akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Sauti ikabaki.

"Watu walikuwa wanaleta mashine zao, wanamwona alivyo, wanaondoka nazo," anakumbuka Maisara. "Siku moja nikamwambia, hii haiondoki. Wewe niambie, mimi nifungue."

Wakaanza hivyo, Ayoub kitini mlangoni, mkewe chini na spana. Haikuwa rahisi. "Akisema kushoto nakwenda kulia. Anapiga kelele, natupa spana, nakwenda zangu kupika. Jioni tunacheka."

Gari la kwanza alilopewa peke yake lilikuwa la Mzee Darwesh wa Malindi. Plagi ya kwanza tu, aliikaza kwa nguvu zake zote, akidhani ndiyo kazi nzuri. Nyuzi za ndani ya tundu zikaharibika.

"Sikumtuma mtu kumwambia. Nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, basi, nikalia pale pale mlangoni."

Mzee Darwesh alilipeleka gari kwa wachonga vyuma, likatengenezeka. Baada ya wiki mbili akapiga simu.

"Zimebaki plagi tatu hujanifungia," mzee alisema. "Unakuja lini?"

Alikwenda kesho yake. Tangu hapo hajaacha. Sasa anahudumia magari manane hadi kumi kwa wiki, mengi yakiwa majumbani kwa akina mama, kwa shilingi elfu kumi na tano kila moja, mwenye gari akinunua plagi mwenyewe. Chakula kinapatikana, dawa za Ayoub hazikatiki.

Chai imekwisha na injini imepoa. Maisara anavua buibui, anavaa koti la kazi. Anafungua koili zilizokaa juu ya plagi, anapuliza vumbi lililokaa kwenye vishimo vyake, kwa sababu likiingia ndani litaikwaruza injini. Plagi ya kwanza inatoka. Ya pili inatoka. Ya tatu inagoma.

Anaacha papo hapo. Anaufuta mkono, anapiga simu Mkokotoni na kuiweka sauti ya juu.

"Ya tatu imekataa."

"Umeilazimisha?" anauliza Ayoub.

"Hata."

"Tia mafuta ya kulegeza kutu, ikae nusu saa. Halafu ifungue kidogo, irudishe, ifungue tena. Usishindane nayo, mama."

Ikikatika humo ndani, itabidi injini ifumuliwe juu, na kesho hakuna kliniki. Bi Bahiya analijua hilo. Anaingia ndani, anatoka, anaingia tena. Maisara amekaa juu ya ndoo.

Nusu saa inapotimia, anashika spana kwa mikono miwili. Anaizungusha kidogo. Anairudisha. Mlio mkali unatoka na Bi Bahiya anaziba mdomo.

"Imevunjika?"

"La," anasema Maisara taratibu. "Imekubali."

Plagi inatoka nzima, nyeusi tii, ncha yake imelika. Ya nne haisumbui. Mpya anazianza kwa vidole mpaka zifike mwisho, ndipo anatia spana na kukaza kidogo tu. Anarudisha koili, anampa Bi Bahiya ufunguo.

Injini inawaka na kutulia. Dirishani, mama mzazi anachungulia.

"Bahiya, mshaizima?"

"Inawaka, mama!"

"Mbona siisikii?"

Maisara anacheka mpaka anashika ubavu, kisha anaanza kufuta spana zake moja moja.

Kilichobaki moyoni mwake sasa ni darasa. Anataka kila Jumamosi afundishe wanawake nyumbani kwake Mkokotoni kubadilisha plagi, kukagua mafuta na kusikia injini inapolalamika. Alitaka kwanza aezeke banda, ila jamaa mmoja alimletea injini mbovu ya kujifunzia mapema kuliko walivyokubaliana. Iko mbele ya nyumba, imefunikwa turubali.

"Watano washajiandikisha," anasema. "Jirani yangu Riyama alikuwa anaona haya, eti hana gari. Nshamwambia aje tu. Jumamosi hii yeye ndiye atafungua plagi ya kwanza."