Barua ya Asteria

Ipo Jumatano moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, mwanangu, nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananitazama. Ngoja nikusimulie, maana na wewe nakuona una mdomo kama wangu wa enzi zile.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipomiminika Mbinga. Mimi nilikuwa karani wa mmoja wao. Nilikuwa na meza yangu, na simu nyeusi ya kuzungusha namba kwa kidole. Tena nilikuwa nimesoma kompyuta wiki mbili Songea, basi kichwa kilivimba! Nilijiona hakuna tena wa kunifundisha.

Mwalimu Komba, mzee asiyeona, mwenyeji wa Ngumbo kule ziwani, alikuwa akiniletea barua za binti yake Asteria, aliyekuwa chuoni Dar es Salaam. Nilimsomea vizuri, kwa sauti na madoido. Tatizo lilikuja baada ya kusoma. Siku moja Asteria aliandika kwamba amepata mchumba, na anataka kusikia neno la baba kabla hajamwambia mtu mwingine. Nami nikamnong'oneza shoga yangu mmoja, mmoja tu, haki ya Mungu! Jumapili, misa ilipoisha, akina mama wakampigia Mwalimu vigelegele mlangoni mwa kanisa. Maskini, hata jibu alikuwa hajaandika. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniletea barua, na hilo liliniuma sana.

Basi Jumatano hiyo, miezi imepita, namwona anaingia na fimbo yake na mfuko begani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Nimeongea na bosi wako, amenipa simu kwa leo tu, maana kesho ana kazi nayo. Asteria amenifungulia barua pepe. Barua ya kwanza inanisubiri, na hii nataka niisome mwenyewe."

Mwenyewe! Nilijua kabisa jiwe hilo limenilenga mimi. Akatoa mashine aliyopewa na marafiki wa shule ya wasioona alikofundisha zamani. Ilikuwa na vitufe vichache vya kuandikia nukta nundu, na kamstari ka vinundu vinavyopanda na kushuka, anavisoma kwa vidole. Mimi, mtaalamu wa wiki mbili, nikaipokonya mikononi mwake nikaanza kuigeuzageuza natafuta kioo. Huku hakuna, kule hakuna.

"Mbona haina kioo? Itakuwa mbovu hii."

"Kioo chake ni vidole vyangu," akasema, bila kupandisha sauti. "Ukiichukua umenizibia njia. Nirudishie, kisha kaa hapa unisaidie."

Nikarudisha. Uso ulinichoma, we acha tu.

Kazi yangu ikawa kuchomeka waya wa mashine kwenye tundu la simu ukutani. Yeye akaandika namba ya kupiga Dar, akaandika anwani yake, akafika kwenye neno la siri. Nikajitia wema: "Nitajie, Mwalimu, nikutunzie."

"Likikaa kwako, binti, Jumapili litasomwa pamoja na matangazo ya ndoa."

Tulicheka mpaka machozi. Kicheko hicho kiliniponya, kwa sababu nilijua amenisamehe.

Lakini mashine ikapiga, kimya. Ikapiga tena, kimya. Mara ya tano nikaanza kusema labda laini imekufa, labda aje wiki ijayo. Mwalimu akaninyamazisha kwa mkono, akainamisha sikio.

"Hebu zungusha namba yoyote kwenye simu yako."

Nikazungusha. Ta-ta-ta-ta.

"Unasikia? Simu yako inagonga. Mashine yangu inaimba. Wimbo wake mitambo ya simu ya huku Mbinga haiuelewi. Lazima nayo igonge."

Mimi niliyeizungusha simu hiyo kila siku sikuwahi kusikia kitu! Akapekua maelekezo yake taratibu, mashine, kumbe ina sauti pia, ikimsemesha Kiingereza cha puani, mpaka akapata pa kubadilisha. Safari hii ikagonga, ta-ta-ta, kisha ikapiga kelele za ajabu, nikaruka kutoka kitini. Mwalimu alitulia tuli. Kelele zikakoma.

"Ipo," akasema. "Imefika."

Vidole vikaanza kutembea. Akatabasamu. Vikasimama, akarudia mstari, akacheka kwa sauti, kisha akatoa leso akajifuta macho. Nami nilivyo, nikashindwa kujizuia.

"Mwalimu, anasemaje?"

"Anakusalimia."

Basi! Hakuongeza hata neno. Aliniachia fungu la usipa, dagaa wakavu wa ziwani, akaondoka akipiga mluzi. Mpaka leo sijui Asteria aliandika nini, na nimefurahi kutokujua kuliko nilivyowahi kufurahia umbea wowote.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ukimsaidia mtu, kitu chake kiache mkononi mwake. Muulize anataka nini, halafu msikilize, hata kama wewe umesoma na yeye haoni. Na siri uliyoonjeshwa kwa sababu ya shida ya mtu, imeze. Mimi nilijifunza kwa aibu, wewe jifunze kwa kunicheka.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono myepesi ya kusaidia na mdomo mzito, na siku yako ikifika, akuletee barua ya kukuchekesha na kukuliza, uisome mwenyewe.