Swala Niliyemfungia Gari

Nimezaliwa mashariki mwa Nairobi, na wanyama pekee wa porini niliowafahamu kwa karibu ni wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya miti ya barabarani wakingojea takataka. Lakini bosi wangu wa Riyadh aliponiuliza kama Wakenya ni wawindaji, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba babu yangu alikuwa akimfuata swala kwa kunusa upepo tu. Babu yangu alikuwa fundi cherehani.

Nilikuwa na sababu ya kudanganya. Mke wangu alikuwa Jeddah, akifanya kazi za ndani, na mkataba wake ulikuwa unaisha. Madam wake alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi: atatia sahihi miaka miwili mingine, au atarudi nyumbani kwa watoto? Mimi nilitaka arudi. Yeye hakutaka tulizungumze jambo hilo tukiwa mbalimbali. "Haya si maneno ya simu," aliniambia. "Kuja tuongee nikikuona." Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni siku nzima barabarani, na dereva wa nyumba ya tajiri kama mimi, katika mtaa wa Al-Malqa huko Riyadh, haendi popote ila anakotumwa.

Ikatokea kwamba mama mzazi wa bosi, bibi kizee anayeishi Jeddah, ametamani nyama ya swala kama aliyokuwa akila ujanani. Bosi akaniahidi: tukimpata swala, nyama itatiwa kwenye barafu na mimi ndiye nitakayeipeleka. Sidhani kama kuna mtu Arabuni aliyewahi kumwombea mauti mnyama asiyemjua kwa bidii kama niliyokuwa nayo.

Mawindo yenyewe, niseme ukweli, hayakuwa ya kutisha. Lilikuwa shamba la rafiki yake nje ya mji, limezungushiwa waya, swala wanafugwa humo kwa kibali na mwenye shamba humruhusu mgeni kupiga dume mmoja. Kumkosa mnyama ambaye tayari yuko ndani ya ua kunahitaji kipaji. Mimi ninacho.

Siku ya kwanza bosi alinitanguliza. "Yalla, twende, wewe ndiye mtaalamu." Nikainama, nikachota mchanga, nikaunusa, maana nilihisi babu angefanya hivyo kama asingekuwa anashona suruali za watu. Nyayo zilionekana wazi. Nikazifuata kwa uzito, nikiinua mkono kila baada ya muda ili bosi asimame, naye maskini anasimama. Tulinyata asubuhi nzima, tukapanda kilima, tukashuka, hadi nyayo zikatufikisha kwenye hori la mbuzi wa shamba. Mbuzi wakatutazama. Nikamwambia bosi kwamba huenda swala walipita hapo kunywa maji.

Jumamosi iliyofuata ndiyo inayonijia hadi leo nikiwa naoga, nikajikuta nimejifunika uso kwa mikono. Tuliliacha gari nyuma ya mawe, tukashuka polepole, na swala alikuwepo. Dume, amesimama mahali peupe, ametugeuzia ubavu mzima, anatafuna vijani kama mtu aliye likizo. Bosi akapiga goti, akainua bunduki. Nilimwona mke wangu waziwazi. Nilimwona akishuka kwenye teksi, akitengeneza mtandio, akinitafuta kwa macho. Na mkono wangu, mkono uliolelewa Nairobi, ambako ukiacha gari wazi unarudi kukuta hata vioo vya pembeni vimekwenda, ukaingia mfukoni wenyewe na kubonyeza ufunguo.

Pip-pip.

Taa nazo zikamulika, ili kama kulikuwa na swala kiziwi naye asikose habari. Lilibaki vumbi tu.

Bosi akateremsha bunduki. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakukuwa na mtu wala nyumba mpaka macho yanapokomea.

"Umemfungia nani?"

"Wezi, baba."

"Wezi wako wapi?"

Nami nikaangalia kulia na kushoto, nikiwatafuta kwa dhati, maana hata mmoja tu angenisaidia.

"Halas," akasema. "Mafi swala, mafi Jeddah." Hakuna swala, hakuna Jeddah.

Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita. Mke wangu hakugusia mkataba kwenye simu na mimi sikuuliza. Nilijipa moyo kwamba madam wake amemwongezea muda wa kufikiri. Huku bibi kizee hakuacha kumpigia mwanawe kuulizia nyama yake. Mwishowe bosi akachoka, akanunua mbuzi mchanga kutoka shamba lilelile, labda mmoja wa wale waliotutazama, akamkatisha vipande vidogo vidogo na kunipakilia kwenye gari. "Sema ni swala," akaniagiza. Nilisema. Nyama ilipoiva, bibi alionja kipande kimoja, akasema, "Mbuzi," akaendelea kula.

Ijumaa alasiri, mke wangu alipopata ruhusa, tukakutana mtaa wa Kandara, humo humo Jeddah, kwenye mkahawa mdogo wa chai ya maziwa. Gari la bosi nililiegesha ng'ambo ya barabara. Mke wangu alikuwa amekonda kidogo, amepaka wanja. Neno nililomwandalia nilikuwa nimelirudia njia nzima: rudi nyumbani. Lakini nilipomwona niliogopa atanikatalia, nikaona nianze na habari za swala, kidogo tu, tucheke kwanza.

"Ati uliloki gari jangwani?" akaniuliza. "Nani angeiba, ngamia?"

Akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu tulipoondoka nyumbani, na raha niliyoisikia sijui niieleze vipi, basi nikaongeza. Nikamwigiza bosi. Nikamwigiza bibi na kipande chake cha nyama. Swala nilimwigiza kwa kusimama kabisa, watu wa meza ya jirani wakageuka. Chai ikapoa. Kisha simu yake ikalia. Madam alikuwa anamwita, naye akainuka.

Nilimfuata hadi kwenye teksi, nikaushika mlango, na ndipo nikayasema yote kwa pumzi moja.

"Usitie sahihi, mama. Watoto wanakutaka. Mimi nakutaka. Wewe tangulia nyumbani, nami nitakufuata."

Aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu pale mlangoni.

"Nilishasaini, baba watoto. Ile siku ya mwisho. Nilikungoja mpaka madam akachoka kuniuliza."

"Sasa mbona hukuniambia? Tumekaa hapa alasiri nzima!"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unanichekesha. Na mimi huku sichekagi. Sikutaka uwache."

Teksi ikaondoka. Nilisimama kando ya barabara nikilia, mwanamume mzima, wapita njia wakinipisha. Nilipotulia nikavuka, nikatoa ufunguo, nikaubonyeza. Pip-pip, taa zikamulika. Gari lilikuwa salama kabisa. Nilikuwa nimelifunga vizuri.