Njia ya Kipunji Shambani kwa Alinanuswe

Chini ya Mlima Rungwe, ng'ambo ya shamba la mjane mmoja aitwaye Alinanuswe, kilibaki kijisitu chenye familia moja ya kipunji. Hawa ni kima adimu, nywele za utosini zimesimama kama za mtoto aliyetoka kuamka. Shamba lake liliwatenga na wenzao wa msitu mkubwa. Kushuka chini waliogopa mbwa. Watu wa hifadhi walisema wazi: wasipopata miti ya kupitia, watazaana wenyewe kwa wenyewe mpaka waishe.

Alinanuswe alikuwa na kichanga, Tekla. Maneno yale yalimkaa rohoni. Akaomba ruhusa ya kupanda miti, maana shamba ni la ukoo wa mumewe.

"Panda," alisema Asukile, kaka wa marehemu mumewe. "Ila Tekla akimaliza darasa la saba hajapita kima hata mmoja, nafyeka, nalima viazi."

Alinanuswe akafanya kama wafanyavyo wote kule: akaenda Uyole kwenye kitalu, akarudi na miche ya misindano, miti ya mbao. Ikapanda juu upesi, majirani wakasifu. Kipunji wakaja ukingoni, wakaitazama, wakageuka. Hakuna tunda, hakuna jani la kutafuna.

Akaing'oa yote.

"Frida, njoo uone!" Asukile alimwita mkewe. "Shemeji anang'oa mbao, anapanda nyani!"

"Cheka tu, shemeji. Ukichoka kucheka, jembe lile pale."

Safari hii alipanda mikuyu na miti mingine ya asili. Kiangazi alichota maji mtoni, Tekla mgongoni. Moto ulipounguza nusu, alipanda tena. Miaka ikaenda, matawi yakaanza kushikana.

Tekla akamaliza mtihani wa darasa la saba. Kesho yake asubuhi Asukile akafika na shoka.

"Ahadi ni ahadi, mama Tekla."

"Sikatai. Ninywe chai kwanza, basi."

"Chai ya mpaka lini?"

Hajamaliza, mlio mkali ukatoka kijisituni. Dume kubwa likatokeza, likakamata tawi la mkuyu, likavuta, likapita. Nyuma yake wengine. Wa mwisho alikuwa mama, mwanawe amemng'ang'ania tumboni. Katikati, penye mwanya, akasita. Yule mama akamkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, akaruka.

Akadaka tawi!

"Kapita! Kapita na mtoto!" Asukile alipiga kelele, shoka limemdondoka.

"Shemeji, taratibu, utawatisha wageni!" Lakini mwenyewe alikuwa analia na kucheka. Mkia wa mwisho ulipozama katika msitu mkubwa, vigelegele vyake vikasikika mpaka barabarani.

Mvua zilizofuata, kima wakipita huku na huku, vichanga vya kipunji vilionekana pande zote mbili. Asukile huwaonyesha wapita njia: "Miti hii tumeipanda sisi."

"Ndiyo, shemeji," Alinanuswe hujibu, akimpa jembe. "Twende tukaongeze."