Tulivyovusha Watoto kwa Matawi

Enzi zetu kusaidia jamii hakukuwa na fulana. Siku hizi wanafunzi wakitaka kufagia soko la Busia, kwanza wanachapisha fulana, kisha wanapiga picha wakiwa wameshika fagio, kisha nyingine bila fagio, na jioni soko liko vilevile ila sasa linajulikana. Siwalaumu. Sisi tulikuwa na sare moja tu, na ikigoma kukauka Jumapili, Jumatatu unaivaa mbichi na unakaa karibu na dirisha.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya Tororo kwenda Malaba, na wengi wetu tuliishi upande wa pili wa barabara hiyo. Upande mmoja wa lami malori yalipanga foleni kungoja kuingia Kenya, yamezimwa, madereva wamelala chini ya trela. Upande mwingine yalipita yale yaliyokwisha kuruhusiwa kuingia Uganda, na hayo yalikimbia kama ng'ombe waliofunguliwa asubuhi. Ukipenya katikati ya yaliyosimama, huyaoni yanayokuja. Tulizoea. Asubuhi zetu zilinukia dizeli, uji wa mtama na karanga za kuchemsha ambazo akina mama kutoka Iyolwa waliwauzia madereva. Mchana tulikimbiza rimu za baiskeli kwa kijiti huku tukipiga honi kwa mdomo. Mwenye honi nzuri aliheshimiwa kuliko aliyeongoza hesabu.

Mdogo wangu Athieno alipoingia darasa la kwanza, lori lilipita na mkoba wake. Yeye alibaki, mkoba ukaenda Kampala. Mama, ambaye aliuza mitumba Malaba, alikuja shuleni siku hiyohiyo akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mwalimu, huyu mutoto hapana rudi hapa. Lori ya Mombasa, dereva ya Nairobi, muzigo ya Kongo. Ikikanyaga yeye, mimi nashitaki nani?"

Mwalimu mkuu alifikiri sana, akasema hilo ni swali zuri.

"Atarudi akiwa murefu, dereva naona yeye," mama akamaliza.

Mama mwenyewe alikuwa mfupi, na baba hakumzidi kwa mengi. Hatukuona dalili kwamba siku hiyo ingefika. Kila asubuhi Athieno alikaa mlangoni akiwa amevaa sare, akatutazama tukienda, na mimi niliumia vibaya kwa sababu yeye alipenda shule, jambo ambalo mimi sikuwahi kumudu.

Dada mkuu wa shule yetu alikuwa Nekesa, msichana wa upande wa Kenya aliyevuka mpaka kila siku kuja kusoma kwetu. Baba yake alikuwa utingo wa malori, kwa hiyo mambo ya barabara aliyajua. Alitukusanya wa darasa la sita na la saba nyuma ya jiko la shule. Walimu hawakuambiwa, maana wangeunda kamati.

"Matawi yakiwekwa kwa lami, dereva anajua kuna gari imekufa mbele, anapunguza mwendo," alisema. "Tunaweka matawi, wanapunguza, tunavusha wadogo."

"Na hiyo gari imekufa iko wapi?" mmoja wetu akauliza.

"Hiyo ni kazi ya dereva kutafuta."

Tulianza kesho yake. Matawi ya mpera yaliliwa na mbuzi kabla ya lori la kwanza, tukahamia mbarika, ambao mbuzi hawautaki. Ikawa kazi. Malori yalipunguza mwendo, madereva wakatoa vichwa nje kutafuta gari bovu, wakaona watoto wamepanga mstari wakivuka taratibu kama harusi. Mama alikuja kuchungulia, akajificha nyuma ya muuza karanga akijifanya mteja. Wiki ile alimnunulia Athieno mkoba mpya, nasi tukajua amelegea.

Tulichosahau ni kwamba madereva huzungumza. Kwenye foleni hawana kazi nyingine. Haikupita muda wakaambizana kuwa matawi ya pale shuleni ni uongo wa watoto, wakaacha kupunguza mwendo. Ndipo lori la Mzee Faraj, dereva wa Mombasa, likavunjika giaboksi karibu na lango letu. Utingo wake aliweka matawi kama inavyotakiwa. Lori lililofuata liliyaona, likasema moyoni ni wale watoto, likaja mbio vilevile, na ili kumkwepa Mzee Faraj ikabidi liingie shamba la mihogo la shule. Hakuna aliyeumia. Mihogo ilichimbika yote.

Mwalimu mkuu alipiga marufuku matawi kwenye lami. Mama aliuchukua ule mkoba mpya akautundika juu ukutani, mahali Athieno asipofika.

Mzee Faraj naye alikuja shuleni na hasira zake. Sisi wasichana tukapiga magoti kumsalimia, kama tulivyolelewa. Yeye hakuzoea kupigiwa magoti, hasira zikampungua kidogo.

"Nyinyi watoto mmeharibu majani!" alisema. "Nitaweka nini mimi sasa, watu waniamini?"

Nekesa hakuinuka. "Tusamehe, mzee. Lakini na sisi tuweke nini?"

"Sijui. Majani chini ni gari. Hilo msiliguse tena."

"Na yakiwa juu?"

"Juu wapi?"

"Mtu akiyainua kwa mkono."

Mzee Faraj akakuna ndevu. "Juu hayana maana yoyote."

"Basi juu ni yetu," akasema Nekesa.

Yule mzee alikaa siku kadhaa akingoja kipuri. Hakuwa na pa kwenda, basi akawa anatembea kwenye foleni, lori kwa lori, akiwaeleza wenzake: jani chini ni gari, jani juu ni mtoto; nao walipofika mpakani wakawapasha waliokuwa wakija. Aliwaeleza kwa ukali, kama vile ni yeye aliyeitunga sheria hiyo. Siku alipoondoka, tulisimama kando ya lami na matawi yetu hewani, na lori la kwanza kuja likasimama kabisa. Dereva akazima injini. Mama alikuwa pale, safari hii hakujificha. Alienda nyumbani akautungua mkoba. Nekesa ndiye aliyemshika Athieno mkono akamvusha, na mimi nililia mbele ya darasa la sita zima, kitu ambacho hawakuniacha nikisahau hadi tulipomaliza.

Leo Athieno anaishi Kampala. Binti yake anachukuliwa mlangoni na gari la shule lenye mikanda ya usalama, na shuleni wana somo zima la kusaidia jamii, lenye alama. Juzi nilimpigia simu nikamkumbusha habari za matawi. Hakumbuki matawi, wala Mzee Faraj, wala malori.

"Mimi namkumbuka Nekesa tu," alisema. "Alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Huyu wangu, dada, hakuna mtoto mkubwa aliyewahi kumbana hivyo."