Kengele Saba na Visanduku Vitatu

Mtaani kwetu husemwa kwamba miezi minane ya mwisho ya kazi ya marehemu mume wangu niliandamana naye ofisini kila asubuhi ili kumlinda na msichana wa studio. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliyasema hayo msibani kwangu, ameshika kikombe changu, anakunywa chai yangu. Niliyanyamazia mwaka mzima. Sasa yamewafikia wajukuu, nao wameanza kuniuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Nimefundisha miaka thelathini na minne, kumi ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, na kazi niliyoizoea ni kusahihisha. Basi nasahihisha.

Mume wangu alikuwa mtunza santuri wa kituo cha redio. Hakuwa mtangazaji, sauti yake hamkuisikia hata siku moja. Alikaa chumba cha nyuma, chenye rafu mpaka darini na dirisha moja lililofunikwa kwa pazia zito ili jua lisipinde santuri. Mtangazaji aliyetaka wimbo alisimama mlangoni akanyoosha viganja, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

"Umekula nini?"

"Karanga kidogo tu, mzee."

"Kanawe. Santuri hii haikuomba karanga."

"Lakini naingia hewani baada ya dakika mbili."

"Basi nawa haraka."

Walimwita Mzee Kanawe, hata wakurugenzi, naye hakukasirika. Jina lake kubwa, hata hivyo, lilitokana na masikio. Angeweza kuwa jikoni anamenya viazi, gramafoni inapiga sebuleni, akasema, "Sindano imeshika vumbi," na ukienda kutazama unakuta kweli kuna unyuzi mdogo umening'inia. Watu walimletea santuri kutoka mbali awaambie kama ni nzima au imechoka. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, mikono magotini, na alichosema kilikuwa kimesemwa.

Alipobakiza miezi minane kustaafu, kituo kiliamua kuhamishia santuri zote kwenye kompyuta. Zilikuwa elfu nne na ushei. Mhandisi wa studio, ndiye huyo msichana anayesemwa, alikuja nyumbani kwetu Ijumaa jioni amebeba boksi kubwa. Alikuwa na umri wa binti yetu wa mwisho na alimwita mume wangu baba.

Ndani mlikuwa na visanduku vitatu vya chuma, kila kimoja kikubwa kama tofali. Mafundi hukiita kitu hicho priampu. Nilieleweshwa hivi: sindano ya gramafoni hutoa sauti ndogo mno, kama ya mbu aliye nje ya chandarua. Tena santuri inapokatwa, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isigongane, na sauti nyembamba huzidishwa. Priampu hukuza kile kisauti, kisha hurudisha besi na sauti nyembamba mahali pake. Kila kisanduku hurudisha kwa namna yake. Kimoja huzidisha, kingine hupunguza.

"Muuzaji ametuazima vyote mpaka Jumatatu," mhandisi alisema. "Baba, masikio ni yako. Kompyuta itahifadhi kile tutakachoilisha, na hatutarudia. Ukikosea kisanduku, tumekosea santuri elfu nne."

"Sitakosea," alisema mume wangu, wala hakuwa anajigamba.

Jumamosi mchana alivipanga mezani: cheusi, cha kijivu, na kimoja chenye mbavu za mbao. Mimi nilikuwa napiga pasi palepale sebuleni. Alichagua santuri aliyoijua kuliko zote, ya bendi moja ambayo katikati ya wimbo vyombo vyote hunyamaza, kengele ndogo ikagongwa mara saba, kisha mwimbaji akaingia. Tulikuwa tumeicheza tangu uchumba. Kila kilipoingia chombo kipya nyumbani, iwe amplifaya au spika, alikipima kwa kengele hizo. Chombo kilichomeza hata moja kilirudishwa dukani.

Akaanza na cheusi.

"Umesikia, Mwalimu?" Aliniita hivyo miaka yote. "Hiki kimemeza kengele zote. Ni kama kimefunikwa blanketi."

Mimi nilikuwa nimezisikia saba. Zilikuwa hafifu kidogo, lakini saba. Nikadhani anatania.

Akaunganisha cha mbao. Hapo niliweka pasi pembeni. Sauti ilikaa sebuleni kama mgeni aliyezoeleka, na kengele zilidondoka moja moja, safi. Nilikumbuka mpaka gauni nililovaa siku tuliyoinunua santuri ile.

"Mbili," alisema. "Hiki kinasinzia."

Kisha cha kijivu. Mwimbaji aliyeimba kwa upole miaka yote alitoka na sauti ya kisu kinachokwaruza bati. Matoazi yaliniingia kwenye meno. Mume wangu akafumbua macho, uso umemng'aa.

"Tano. Huyu ndiye mkweli. Kimebakiza tano, na hizo mbili mhandisi atazitafuta. Unaonaje?"

Nikasema maji yanachemka, nikaenda jikoni. Hapakuwa na maji jikoni. Nilisimama nimeshika sinki, nikaikumbuka saa yake ya mkononi. Ilikuwa ya kulia mlio mwembamba kila saa kamili, na tangu mwaka uliotangulia aliniambia imekufa mlio. Haikuwa imekufa. Ilinisumbua kila siku, nami nikadhani ameamua kuipuuza.

Hebu nielezeni, ninyi mnaojua sana habari za nyumba yangu, mngefanya nini. Nikinyamaza, santuri elfu nne zingehifadhiwa zikikwaruza, na jina lake juu yake, na kila kijana mwenye masikio angecheka. Nikisema, nimemnyang'anya mtu kitu ambacho kwacho alijulikana. Sikuwa na njia ya tatu. Nilifungua bomba, nikafunga, nikarudi sebuleni.

"Rudia cha mbao," nikasema.

"Umekipenda?"

"Wewe rudia tu."

Akaweka sindano. Vyombo vilipotulia, kila kengele ilipogongwa niliinua kidole, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza kuhesabu. Kidole cha kwanza, cha pili. Katika cha tatu alifungua macho. Mpaka cha saba alikuwa hatazami gramafoni tena; alikuwa anatazama mikono yangu.

"Na cheusi," alisema.

Tukafanya na cheusi. Vidole saba.

Aliinua sindano, akaipangusa santuri kwa kitambaa chake, akairudisha kwenye karatasi, kisha kwenye jalada. Hakuharakisha wala kukosea hatua yoyote.

"Tangu lini?"

"Mimi nimejua leo. Lakini saa yako ni nzima, mzee wangu. Hulia kila saa."

Akaivua, akaiweka sikioni ingawa saa kamili haikuwa imefika. "Nimewarudishia wenye maduka vyombo vyao," alisema baadaye. "Miaka hii miwili. Ile amplifaya. Zile spika. Yule mzee wa dukani aliapa ni nzuri, nikamwambia aniombe radhi. Naye akaniomba."

Jumatatu, alisema, angemwambia Mkuu wa kituo atafute mtu mwingine.

"Atampata wapi? Kazi atampa yule wa karanga."

Hakucheka. "Siwezi kuandika kwamba nimesikia kitu ambacho sikukisikia."

"Mimi nimesahihisha madaftari kwa miwani miaka kumi. Mzazi gani alikuja kusema alama si zangu?"

"Miwani haiendi sokoni ikapiga soga."

"Na mimi je, naenda?"

Tulibishana mpaka chai ya jioni, na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyetaka jambo lifichwe. Yeye alitaka kusema wazi na kuondoka. Mwisho tulikubaliana: angeendelea, lakini nikae karibu naye kwenye kila santuri. Mimi nisikilize sauti za juu, yeye asikilize za chini, mikwaruzo na mwendo. Nikaomba asimwambie mtu.

"Wasiponiuliza, nitanyamaza," alisema. "Wakiniuliza, nitajibu."

Jumatatu aliandika ripoti ya kuchagua cha mbao. Kwa Mkuu alisema tu kwamba mke wake amestaafu, nyumba imemchosha, anaomba kuketi pale na ufumaji wake. Mkuu alikuwa mwanafunzi wangu zamani, hakuthubutu kukataa.

Ndiyo maana mliniona nikipita getini kila asubuhi na mkoba wa uzi. Niliketi nyuma ya kiti chake, nikafuma, naye akiiona mikono yangu kwenye kioo cha studio mbele yake. Mikono yangu ikiendelea, santuri iliendelea. Mikono ikisimama, yeye alisimamisha, akageuza, akasafisha sindano au akarudia. Msidhani alikuwa pambo. Kuna siku aliinua mkono akasema lifti ya jengo inaingia kwenye besi. Mimi sikusikia kitu. Mhandisi akashuka chini, akakuta kweli mafundi wanaijaribu, wakaombwa wangoje. Besi zote za kituo kile zilipita kwa mume wangu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mhandisi alituletea chai saa nne, akavuta kiti, akatazama sweta.

"Mama, hili la nani? Mkono huu si ulikuwa mrefu wiki iliyopita?"

"Nimefumua. Sikuridhika."

"Hii ni mara ya nne unafumua."

"Mtu mvumilivu hapungukiwi na uzi," alisema mume wangu bila kugeuka. Binti akacheka, akakusanya vikombe. Huyo ndiye mnayemsema. Alimheshimu mume wangu kama baba yake, na alipofiwa na baba yake mzazi ni sisi tuliompeleka kwao.

Wakati mwingine kati ya santuri na santuri tulisahau kazi. Ulipigwa wimbo tuliocheza tukiwa hatuna hata kiti cha pili, naye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika, ufumaji ukasimama, yeye akadhani kuna kasoro, akairudisha sindano mwanzo. Zipo santuri tulizozirudia hivyo mara tatu. Kompyuta haikudai sababu.

Tulimaliza Alhamisi moja kabla ya chakula cha mchana. Santuri ya mwisho ilikuwa ya hotuba, haina hata muziki. Mhandisi alileta fomu ya kufungia kazi, kurasa nyingi, na kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari mmoja: Aliyesikiliza na kuthibitisha. Mume wangu aliuangalia mstari ule. Nikamgusa kiwiko. Aliniondoa mkono taratibu, kama mtu anavyotoa unyuzi kwenye sindano, akachukua kalamu.

"Wameuliza," alisema.

Aliandika muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji. Mhandisi alisoma, akanitazama, akaikunja fomu akaipeleka ghorofani.

Fomu ipo kwenye kabati la kituo mpaka leo. Anayetaka kujua kilichoandikwa pale aende akaombe aonyeshwe. Mimi sitasema, na asije mtu kuniuliza.